Sahihi Yangu kwenye Daftari la Mashine ya Vekta

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha mashine nilipewa makatazo matatu kabla ya kupewa ufagio. Usile humu ndani. Usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Usiandike chochote kwenye daftari la zamu. Aliyenipa makatazo hayo alikuwa Mhandisi Mkuu, mzee wa Kihindi kutoka Kerala, mwenye sharubu nyeupe na sweta la bluu alilovaa mwaka mzima, hata nje kulipokuwa kunaunguza.

"Hilo la tatu ndilo kubwa," aliniambia. "Daftari lile husainiwa na wenye cheti cha mwendeshaji tu. Umeelewa, Mghoi?"

"Nimeelewa, Sir."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, katika ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo la ofisi, mtaa wa Oud Metha, Dubai. Kampuni yetu ilitabiri mawimbi, upepo na vumbi kwa ajili ya bandari na meli za Ghuba. Mimi nilikuwa nimetoka londri ya hoteli moja kule Al Mankhool, ambako nilinyoosha shuka kwa miaka minne. Kitanda changu kilikuwa Naif, chumba cha wanawake sita. Nilikuwa na miaka arobaini na minane na elimu ya darasa la saba.

Niwaeleze kidogo habari ya hilo darasa la saba, kwa sababu litarudi. Mimi ni kifungua mimba wa watoto sita, mzaliwa wa Taita. Baba na mama walifariki mwaka mmoja, na mwaka huo huo nikaacha shule. Muhula ulipoisha, wadogo zangu walileta ripoti zenye nafasi ya sahihi ya mzazi au mlezi. Nilisaini zote. Mwalimu mkuu akaniita.

"Wewe ni mtoto. Sahihi ya mtoto haina maana."

"Basi mwalimu nionyeshe mtu mzima wa kwetu, nimpelekee hizi fomu."

Alizichukua zile fomu, akazigonga muhuri. Nilisaini ripoti za wadogo zangu mpaka wa mwisho alipomaliza kidato cha nne.

Sasa turudi kwenye mashine. Ilikuwa makabati manne ya rangi ya kijivu, marefu kunipita, yaliyotengenezwa Japani. Ilinguruma sauti moja isiyopanda wala kushuka. Waliiita kompyuta kuu ya vekta. Kwa wiki mbili nilipanguza sakafu kuizunguka bila kujua inafanya nini. Wiki ya tatu nilimuuliza Mhandisi Mkuu. Hakunicheka. Aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya hapo.

"Kunyoosha shuka, Sir. Kwa mashine ya roli."

"Nieleze ilivyokuwa."

Nikamweleza. Unaweka joto mara moja. Unalisha shuka la kwanza upande huu, nalo huchukua muda wake kutokea upande ule. Lakini hulisubiri. La pili linafuata nyuma yake, na la tatu, na la nne, kwa hiyo likishatoka la kwanza, mengine yanafululiza. Rundo la shuka za aina moja linakwisha upesi ajabu. Shida ni wakikuletea mchanganyiko: shuka moja, foronya mbili, sare ya mpishi. Hapo kila kipande unasimama na kubadilisha joto, na roli inakuwa haina faida.

Mzee alipiga paja lake. "Khalas! Umeshajua vekta. Kompyuta ya kawaida huchukua namba moja, ikasoma amri, ikaitenda. Namba nyingine, amri tena. Hii yetu husoma amri mara moja, kisha hulishwa safu nzima ya namba. Safu hiyo ndiyo vekta."

Kuanzia siku hiyo sikuiogopa tena. Alinifundisha polepole, wakati wa chai. Rejista za vekta, alisema, ni kama matroli ya shuka yanayosimama karibu na roli ili usikimbilie stoo kila mara. Memori ndiyo stoo yenyewe, na fahari ya mashine ya vekta ni kwamba stoo yake ina milango mingi, namba zinatoka kwa wingi kwa wakati mmoja. Roli ya kasi yenye stoo ya mlango mmoja ni bure. Na waandishi wa programu, wale waliokaa ghorofa ya tatu, kazi yao kubwa ilikuwa kupanga hesabu ili shuka zije na shuka na foronya zije na foronya. Mawimbi ya bahari yanakubali kupangwa hivyo, kwa sababu hesabu ile ile hurudiwa kwa kila kipande cha maji.

Historia yake pia aliijua kama mtu anavyojua ukoo wake. Mashine za vekta za mwanzo, miaka ya sabini, zilivuta namba moja kwa moja kutoka memori na kuzirudisha huko huko, zikachelewa kuanza kila mara. Baadaye katika muongo ule ule Wamarekani wakatengeneza yenye rejista, umbo lake duara kama kochi la sebuleni, watu wakiikalia, mabomba ya ubaridi yamepita ndani yake. Wajapani wakaingia miaka ya themanini. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili wakajaza jengo zima kwa mashine ya vekta ya kukokotoa hali ya hewa ya dunia, na kwa muda hapakuwa na ya kuipita. Lakini wakati huo huo prosesa za kawaida, hizi za ofisini, zilikuwa zinashuka bei na kupanda kasi. Watu wakaanza kuzifunga maelfu pamoja. "Ni kama kuachana na roli," mzee alisema, "ukaajiri wanawake elfu moja, kila mmoja na pasi yake na chumba chake. Wana nguvu. Ila wanatumia nusu ya siku kuitana."

Kosa langu kubwa nililifanya kiangazi cha kwanza, na lilikuwa kosa la msafishaji hodari. Kwetu vumbi hupigwa nje. Hata Al Mankhool, zulia lilipigwa kwenye uwanja wa nyuma. Nikakuta kwenye rafu ya chumba cha mashine kifaa cha akiba cha kugawia umeme, kimejaa vumbi. Nikakibeba mpaka nje, nikakisugua kwa brashi laini juani, nikakirudisha kinang'aa. Ulikuwa mwezi wa nane. Alasiri hiyo fundi alikihitaji, akakichomeka. Kikapiga mlio mmoja, moshi ukatoka.

"Nani alitoa hiki nje?" Mhandisi Mkuu aliuliza.

Nikasema ni mimi.

Alitoka akarudi na kikombe cha chuma chenye maji ya barafu, akaniongoza mpaka mlango wa nyuma. "Simama hapa na hiki. Usirudi ndani mpaka uniambie maji ya upande wa nje yametoka wapi."

Haikufika dakika mbili, kikombe kilikuwa kinatiririka. Hakikuvuja. Maji yalitoka hewani. Wakati wa kiangazi hewa ya Dubai imejaa maji ya baharini, na chochote chenye baridi ukikitoa nje, yale maji hukirukia. Wenye miwani wanajua. Bi Zuhura, Mzanzibari niliyelala naye chumba kimoja Naif, mfanyabiashara wa nguo, alikuwa kila akitoka dukani anasimama mlangoni kipofu, anapapasa. "Nishike mkono miye, mwanangu, nchi hii imenitia ukungu machoni!" Nilicheka mwezi mzima bila kufikiri kwamba kile kifaa nacho kilikuwa na macho.

Nilimjibu Mhandisi Mkuu. Akasema, "Vizuri. Kuanzia kesho wewe ni msaidizi wa ubaridi." Kazi hiyo maana yake ni kupima joto na unyevunyevu wa chumba kila baada ya saa mbili, kusafisha vichujio vya hewa, na kusikiliza. Kusikiliza hakufundishwi. Feni moja ikianza kuchoka, ngurumo hupata mkwaruzo mdogo, nami niliusikia kabla taa ya onyo haijawaka.

Vipimo nilivipima mimi. Nilivinukuu kwenye karatasi, mwenye cheti akavinakili kwenye daftari na kutia sahihi yake. Miaka mitatu na zaidi. Sikulalamika, lakini nisiseme uongo kwamba sikuona.

Kisha mzee akastaafu na kurudi Kerala. Aliniachia kile kikombe cha chuma. Baada ya mwezi mmoja, Meneja wa Kituo alituita sote. Alikuwa mwanamke wa Kilebanoni, mwepesi wa kutembea na wa kusema, nasi tulimwita Madam.

"Mashine mpya inakuja," alisema. "Prosesa za kawaida, makabati ishirini. Miezi mitatu zitakwenda sambamba, zote mbili zitatabiri, na majibu yatalinganishwa. Yakikubaliana, ya zamani inazimwa. Wenye cheti cha mwendeshaji wanahamia mashine mpya. Wasio nacho, mkataba wao unaisha siku ya kuzima. Pole, lakini ndiyo kanuni."

Wasio nacho alikuwa mtu mmoja, mimi. Nilimfuata Madam ofisini.

"Madam, niandikishe mtihani wa cheti."

"Mghoi, fomu inataka cheti cha sekondari."

"Ninachotaka mimi ni mtihani."

"Yalla, nenda kazini. Nitaona."

Nilijua maana ya "nitaona." Usiku huo sikulia. Niliazima kitabu cha mwongozo wa mashine kutoka ghorofa ya tatu, na kila siku kabla ya zamu nilisoma kurasa nne nikikaa kwenye ngazi. Kiingereza changu kilikuwa cha londri. Neno nisilolijua niliandika pembeni, na mchana nikaliuliza. Niliyemuuliza mara nyingi alikuwa Mhandisi Kiptoo.

Kiptoo aliletwa kwa ajili ya mashine mpya. Kijana wa Eldoret, umri wa thelathini hivi, shahada mbili, miwani minene, na haraka. Aliniita Mathe, yaani mama, tangu siku ya kwanza.

"Mathe, unasoma hiyo kitu ya nini? Hiyo mashine ni ya makumbusho."

"Na wewe ulisoma historia shuleni ya nini?"

Alicheka, akanieleza neno nililokwama nalo. Ndivyo tulivyoishi.

Wiki ya nane ya ule usambamba, katikati ya mwezi wa nane, saa tatu asubuhi nilisikia ngurumo ikikatika kipande. Kabati la pili. Bodi moja ya memori ilikuwa imekufa, na mashine nzima ikasimama. Bodi hizo hazikutengenezwa tena. Akiba ilikuwa imebaki moja tu, nayo ilikuwa katika stoo yetu ya kukodi Al Mankhool, stoo yenye baridi kama friji. Mashine mpya ilikuwa bado haijaidhinishwa. Siku hiyo upepo mkali ulikuwa njiani, na bandari ilitaka utabiri saa kumi na moja jioni ili iamue meli zipi zitoke. Kukokotoa kulichukua saa mbili. Kiptoo alikimbilia gari.

Alirudi saa tano, anahema, bodi mkononi. Jambo la kwanza nililoliona ni ule mfuko wa rangi ya fedha, ule wa kukinga umeme tuli. Ulikuwa wazi.

"Mfuko nani kafungua?"

"Mimi, huko stoo. Nilikuwa na-check namba, isije ikawa si yenyewe. Mathe, sogea, niingize hii."

"Ulipitia wapi kutoka kwenye gari?"

"Parking. Soja wa geti alinisimamisha kama dakika tano, anataka kibali. Kwani nini?"

"Uliposhuka kwenye gari, miwani yako ilifanyaje?"

"Si iliingia ukungu kama kawaida."

"Na bodi ilishuka na wewe."

Alisimama. Kisha akaipanguza kwa kitambaa, juu na chini, akanionyesha. "Ona, kavu."

Nilichukua tochi, nikaimulika kwa ubavu. Juu palikuwa pakavu kweli. Lakini chini ya vipande vyeusi, pale ambapo miguu yake midogo inashikana na bodi, palimetameta.

Madam aliingia wakati huo huo. "Mbona haijawekwa?"

"Ina maji, Madam," nikasema. "Iache masaa manne humu ndani, isimame wima, ikauke."

"Manne! Bandari wanapiga simu kila dakika kumi."

"Tuipulizie mashine ya saluni, ile ya kukausha nywele," Kiptoo alisema. "Dakika ishirini tu."

"Ile ina umeme tuli. Utaiua kabla maji hayajaiua."

Madam alihesabu kwa vidole. "Masaa manne ni saa tisa. Kukokotoa, saa kumi na moja kamili. Hakuna nafasi hata ya kukohoa. Kiptoo, wewe ndiye mhandisi. Unasemaje?"

Kiptoo alinitazama, akaitazama bodi. "Mimi naona imekauka, Madam. Lakini sina hakika."

"Basi iwekwe."

Nilikaa mbele ya kabati. Sikupanga kufanya hivyo, miguu ilijipeleka. "Madam, hii ni ya mwisho. Ikiungua hakuna utabiri leo, wala kesho, na miezi yenu mitatu ya kulinganisha imekufa. Niliwahi kuunguza kifaa hivi hivi, kwa mikono yangu mwenyewe."

"Na ukikosea wewe, tukachelewa bure, nani atawajibika? Tazama daftari. Wewe huwezi hata kusaini!"

"Basi nipe kalamu."

Madam alikuwa na kalamu nyeusi mfukoni mwa koti. Aliitoa polepole kama mtu anayejishangaa. Nikafungua daftari, nikaandika saa, kisha nikaandika: bodi ya akiba imezuiliwa kwa masaa manne kwa sababu ya unyevu, kwa uamuzi wangu. Nikaandika jina langu kamili, nikatia sahihi ile ile niliyotia kwenye ripoti za wadogo zangu.

Tukaisimamisha bodi wima mezani. Kila nusu saa niliimulika. Saa saba bado palimetameta. Saa nane, kidogo pembeni. Kiptoo alikaa sakafuni mkabala nami, ameivua miwani anaigeuza geuza.

"Mathe, ukinipotezea kazi nitakuja kulala kwenu Naif."

"Tuko sita kwa chumba. Utalala mlangoni."

Saa tisa kasorobo nilimulika nikaona vumbi tu. Nilingoja mpaka saa tisa kamili, kwa sababu ndivyo nilivyoandika. Kiptoo aliichomeka mwenyewe. Nilisikiliza. Ngurumo ikapanda, ikajaza kipande chake, ikatulia kwenye sauti yake ya siku zote. Bandari walipata utabiri wao saa kumi na moja na dakika nne. Walilalamikia zile dakika nne.

Madam hakunisifu. Siku ya tatu aliniita akanipa fomu ya mtihani wa mwendeshaji. Kwenye nafasi ya elimu alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: ana uzoefu wa miaka minne, naomba akubaliwe kwa dhamana yangu. Mtihani wa kwanza nilianguka, sehemu ya maandishi. Wa pili, wiki tatu baadaye, kabla ya siku ya kuzima, nilipita. Kiptoo alileta keki yenye umbo la kabati, na Bi Zuhura, nilipompa habari, alipiga vigelegele mpaka majirani wa Naif wakagonga ukuta. "Hebu n'ambie, na mshahara wa friji lako umeongezwa?" Hakuwahi kukubali kwamba ile si friji.

Nilihamia mashine mpya, nikaifanyia kazi mpaka magoti yaliponiomba nipumzike. Na humo ndani nilikuta jambo ambalo mzee wa Kerala angefurahi kulisikia. Kiptoo alinifungulia mwongozo wa zile prosesa za kawaida akaniwekea kidole: kila moja ina sehemu ndogo inayosoma amri mara moja na kuitumia kwa safu ya namba. Safu fupi, nne au nane, lakini ni safu. Zile kadi za picha ambazo vijana mnazitumia kufundishia mashine nazo ni hivyo hivyo. Mashine ya vekta haikushindwa. Iligawanywa vipande vipande, ikaingizwa katika kila kitu, hata kwenye simu iliyo mfukoni mwako.

Ninyi mnaoanza kazi hizi mna vyeti ambavyo sisi hatukuwa navyo, na ni vizuri. Ninachowaomba ni kidogo. Mtu anayepima, na asaini alichopima. Anayejua chumba kinavyonguruma, muulizeni kabla ya kuchomeka. Na usifungue mfuko mpaka kilichomo kipate joto la chumba, hata kama bandari nzima inapiga simu.

Nilipoondoka, Madam alinipa lile daftari la zamani, kwa kuwa mashine mpya haina daftari, inajiandika yenyewe. Liko hapa Voi, juu ya kabati, kando ya kikombe cha chuma. Wajukuu wa wadogo zangu hulifungua wakitafuta picha, hawazipati, wanalifunga. Mimi hufungua ukurasa wa mwisho. Siku ya kuzima mashine ya zamani walikuwepo watu saba wengine wenye cheti, na Madam alimpita kila mmoja akanipa mimi ile kalamu nyeusi. Mwandiko ni wangu kuanzia mstari wa kwanza:

Saa tano na dakika kumi asubuhi. Joto la chumba nyuzi ishirini. Unyevunyevu wa kawaida. Hakuna hitilafu. Mashine imezimwa. Chini yake jina langu, na hakuna aliyenakili.